Punda wa Vettius na Radi

Kwenye kona ya mtaa wa Subura, hapo Roma, nje ya duka la divai ya moto, kuna benchi la jiwe ambalo asubuhi ile lilikuwa na watu watatu na kesi moja. Katikati alikaa Vettius, muoka mikate, roho juu. Jana yake, hapohapo, alipatana na Salvidius amuuzie punda wa kuzungusha jiwe la kusagia. Wakapeana mikono, wakanywa. Alfajiri radi ikampiga punda, angali zizini kwa Salvidius.

— Pole, ndugu yangu, alisema Salvidius. Punda wako amekufa. Nimefuata hela yangu.

— Wangu vipi, na alilala kwako?

— Alilala kama mgeni. Tulishapatana.

Wakamgeukia wa tatu wao, Pua, ambaye majirani walishamshtaki mara nyingi hadi sheria ikamkaa kichwani.

— Mkishapatana, biashara imekwisha, alisema Pua. Faida yako, hasara yako. Angezaa alfajiri, mtoto angekuwa wako.

— Alikuwa dume.

— Ndiyo maana hukupata mtoto.

Vettius alihisi divai ikimpanda puani.

— Basi nipeni mzoga wangu.

— Haguswi huyo, alisema Pua. Aliyepigwa na radi ni wa mungu Jupita, anazikwa palepale.

— Basi Jupita ndiye mnunuzi. Alipe yeye.

Pua akafikiri.

— Mnunuzi hapana. Huyo ni mwizi. Panda hekaluni kwake, mwite mahakamani mbele ya mashahidi. Akigoma, mvute nguo.

— Nimvute nguo Jupita?

— Sheria haichagui mtu.

— Akinipiga radi na mimi je?

— Hapo hasara ni ya mkeo, alisema Salvidius. Ulishakuwa wake.

Mkewe mwenyewe, Rufria, alikuwa amesimama nyuma yao, mikono myeupe kwa unga.

— Shemeji, Rufria alimuuliza Salvidius, mlipatana bei gani?

Salvidius akakohoa.

— Bei ya kindugu.

— Ndiyo ngapi?

Salvidius akamtazama Vettius. Vettius akamtazama Pua. Pua akaweka kikombe chini, uso kama wa mfiwa.

— Bila bei hakuna mauzo, alisema. Salvidius, kazike punda wako.

Vettius akashusha pumzi, akaagiza divai nyingine.

— Vizuri, alisema Rufria. Na kesho jiwe atalizungusha nani?

Benchi zima likaanza kumpima Vettius mabega.