Nilidhani Damu ya Ukoo Imejitokeza

Wakubwa zangu shikamooni, na ninyi wenye watoto mgongoni, poleni na jua. Mwenyekiti wa kikundi chetu cha akina mama ameniomba niseme kabla hatujaanza kutwanga karanga za uji wa watoto, kwa kuwa leo tuna mama wapya wasiojua nilivyokuwa. Wanaojua waniache nijiseme mwenyewe. Mkicheka, chekeni kwa adabu.

Mimi ni mtoto wa mjini, Tabora. Baba yangu alikuwa seremala, na hadithi ya nyumbani kwetu ilikuwa moja tu: babu wa babu yetu aliyekuja na msafara kutoka pwani, nywele za singa, kanzu nyeupe, nyuma yake wapagazi na pembe za ndovu. Hadithi ile niliishika kuliko masomo. Na tangu utotoni nina ugonjwa wa kuota macho wazi. Nikipepeta mchele, nusu yangu ipo, nusu imekwenda.

Niliolewa na mrina asali. Ilipokuja zamu ya kuhamia vijiji vya ujamaa tukaletwa huku upande wa Usinge, na binti yetu ndiyo kwanza anasimama dede. Baba yake akawa wiki tatu porini kwenye mizinga, siku mbili nyumbani. Nikaamua kuwaonyesha watu nyumba inavyoendeshwa. Nilikuwa mbanaji, ndugu zangu, sikutupa hata ukoko. Karanga nilizovuna sikuzionja, zilipanda lori kwenda mjini, na mayai ya kuku wangu yakafuata. Lori likirudi linaniletea unga wa sembe na sukari kutoka dukani kwa Mhindi. Yote kwa ajili ya mtoto! Sikutaka mtoto wa ukoo wetu ale michembe, viazi vile vya kukausha juani, na mlenda kama watoto wa jirani. Nilimwachisha ziwa, nikamkorogea uji mweupe, laini, wenye sukari, asubuhi, mchana na jioni.

Basi mtoto akaanza kubadilika, na mimi nikaanza kufurahi.

Mashavu yakajaa. Miguu ikajaa, ikang'aa. Akaacha kulia kabisa. Namketisha mkekani asubuhi, mchana namkuta palepale, anatazama vumbi likielea kwenye mwanga wa mlangoni, nami naketi kando yake nikilitazama vumbi hilohilo. Miombo ilikuwa inachipua majani mekundu, upepo unaleta harufu ya maua na moshi, na siku zinapita polepole kama asali inayotoka chupani. Sikumbuki siku nilizokuwa na raha kuliko zile. Ndiyo maana zinanitisha mpaka leo.

Kisha nywele. Zilikuwa nyeusi za kipilipili, zikalainika, zikawa na rangi ya shaba. Nilipoziona juani moyo uliniruka. Nikasema, damu imejitokeza! Babu wa babu amerudi! Nikawa nazipaka mafuta na kuzichana taratibu, na zilipobaki kwenye kitana sikujiuliza kitu. Nakaa mlangoni, mtoto mapajani, naitazama njia, na msafara mzima unapita mbele yangu mpaka uji unaungua jikoni.

Siku moja kisimani nilikuwa nawaonyesha wenzangu nywele hizo. Mama mmoja mtu mzima, Mnyamwezi wa hapahapa, jirani yangu wa nyumba ya tatu, akatua ndoo yake. Hakutazama nywele. Aliinama, akaushika mguu wa mwanangu, akaubonyeza kwa kidole gumba, akaachia. Pakabaki shimo.

"Mwanangu," akaniambia, "huyu hajanenepa. Huyu amevimba."

"Amevimba nini? Sema una husuda! Wajukuu zako wana vumbi mpaka kwenye kope, ndiyo unamtolea jicho wa kwangu?"

Wenzangu wakaacha kuteka maji. Mnajua huku kwetu neno hilo lina uzito gani likirushwa kwa mwanamke mzee, ni kama kumwita mchawi. Yeye akajitwika ndoo, akasema tu, "Nyumbani mbonyeze mwenyewe."

Sikumbonyeza. Siku ya kwanza sikumbonyeza, ya pili sikumbonyeza. Ya tatu, nikimwogesha, kidole kikaenda chenyewe, kikazama. Nikangoja shimo lijae. Nikangoja. Mtoto hata hakulia, alinitazama kama mtu aliye mbali sana. Hapo ndipo nilipoamka. Nilikuwa nimelala miezi, ndugu zangu, huku nafagia, napika na kuimba.

Nilitoka mbio, khanga imelowa, mpaka kwa yuleyule niliyemtukana. Hakuuliza kitu. Alimfunga mtoto mgongoni kwake, akasema, "Twende." Njia nzima ya kwenda kituo cha afya niliwaza aibu. Nilijua wataniambia nimembemenda mtoto, kwamba baba yake nami hatukujizuia, maana ndivyo watu husema mtoto akidhoofika. Mganga wa kituo hakusema hivyo. Aliuliza mtoto anakula nini. Nikajibu, na fahari bado ninayo kidogo, "Uji wa sembe na sukari."

"Karanga je? Mayai?"

"Hivyo nauza."

Akaweka kalamu chini. "Mama, dawa ya mtoto huyu umekuwa ukiipakia kwenye lori."

Tukalazwa. Wiki ya kwanza sikujua kama nitarudi naye au nitarudi na nguo zake. Jirani yangu alikuja kila siku kwa miguu, na uji wa mtama uliotiwa karanga zilizotwangwa, karanga za shamba lake, kwa kuwa zangu zilishaliwa mjini. Alimlisha kijiko kimoja kimoja huku akimnong'oneza Kinyamwezi. Asubuhi moja mwanangu akakisukuma kijiko, akapiga kelele, akalia machozi ya kweli. Mimi nikalia kuliko yeye. Jirani akacheka, akasema, "Sasa ndiyo mtoto."

Leo kwangu mnakula michembe, mlenda wa karanga, majani ya kunde, na dagaa wa Kigoma nikiwapata. Yai la mtoto halitoki mlangoni. Nywele zake ni nyeusi, ngumu, zinavunja vitana, na kelele zake mnazisikia.

Namshukuru mganga yule, na mume wangu aliyerudi na asali akakuta nyumba tupu, akatufuata bila kunilaumu. Na ninyi wapya, nawaambia: kubana si kosa. Lakini mtoto ashibe kwanza, kinachobaki ndicho kiende sokoni. Na mtu mzima akikwambia jambo kuhusu mwanao, mezea hasira, katazame. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi lilitaka kuvunjika la mwanangu.

Limebaki moja. Mama yule yupo humu, simtaji, ameshaanza kujificha nyuma ya wenzake. Mama, nimekushukuru mara nyingi jikoni kwako, na kila mara unanikatiza, "Yaishe." Lakini tusi sikulitoa jikoni. Nililitoa mbele ya watu, na wapo hapa waliolisikia, pengine wengine bado wanalo moyoni. Basi na walisikie na hili. Huna husuda. Hujawahi kuwa nayo. Nisamehe, mama.