Mjumbe Aliyetoka Kaloleni

Ng'ambo ya ghala la pamba, mjini Malindi, palikuwa na benchi refu lililokaliwa na watu hata likapinda katikati. Kila siku baada ya alasiri Masha muuza kahawa aliweka dele lake hapo, makaa chini, vikombe vikilia mkononi mwake, na wenyewe wa benchi wakajikusanya mmoja mmoja. Mwaka ule, katikati ya miaka ya themanini, mazungumzo yalikuwa ya chama cha wakulima tu. Chama kilikuwa kimefanya mkutano mkuu huko Kaloleni, kikazungumzia mambo matatu: msaada kwa wenye pamba, sheria za dawa za kunyunyizia, na kuandikishwa kwa punda. Upande wa Malindi ulimtuma Saad, mwenye shamba Sabaki, mtu mwenye ulimi mwepesi uliomfanya aitwe Mjumbe hata kabla hajatumwa popote. Ilikuwa wiki ya pili tangu arudi. Kila jioni alihojiwa upya, na kila jioni mkutano ule ulizidi kurefuka.

— Hebu rudia pale pa punda, alisema Faki. Huyu alikuwa na gari la punda la kubebea mizigo sokoni, nao wakamwita Dereva. — Juzi umesema alama itapigwa ukwatoni. Jana ukasema sikioni.

— Sikioni kwa punda wa mjini, ukwatoni kwa punda wa shamba, Saad alijibu papo hapo. — Jambo hilo lilijadiliwa sana.

— Na wataandika nini?

— Jina la mwenyewe, jina la punda, na kabila.

— Kabila la mwenyewe?

— La punda.

Kambi aliguna. Alikuwa askari zamani, akarudi kwao kulima, na benchini cheo chake kilipanda hadi Kanali.

— Ninyi hamuijui serikali. Punda akishaandikishwa, huyo ameingia jeshini. Gari laishiwa mafuta, ndege yaanguka, punda yeye apanda mlima na mizinga mgongoni. Siku moja, Dereva, utaambiwa punda wako aripoti kambini na blanketi lake.

— Wangu hawamchukui. Ana chongo.

— Hao ndio watakiwao. Kwani amekwenda kulenga shabaha? Amekwenda kubeba!

— Vita gani, bwana wee? Masha alidakia huku akimimina. — Mimi nimesikia ni maziwa. Maziwa ya punda ni dawa ya kifaduro, na huko Arabuni watoto wanakohoa. Punda wote wa pwani watapakiwa melini, na Dereva gari lake atalivuta mwenyewe.

— Wallahi, Mjumbe, ni kweli hayo?

Saad alipuliza kahawa yake, akaacha wamsubiri kidogo.

— Meli ilitajwa, alisema. — Zaidi ya hapo nimekatazwa.

Wakapumua wote kwa pamoja, na Faki akashika kichwa.

— Na dawa je? aliuliza Kambi. — Lile kopo kubwa la dawa ya pamba, likiisha, lafanywaje? Watu wayataka makopo hayo kwa kuwekea maji.

— Nimeshawaambia. Kopo lioshwe kwa majivu, lisuguliwe, lianikwe juani. Basi, ni chombo cha maji kama vyombo vingine. Nimelisikia kwa masikio haya.

Alipotaja masikio yake, Saad aliona joto likimpanda shingoni, kama siku zote. Kwani yeye Kaloleni hakufika. Siku ile ya mkutano alishuka Kilifi kumpongeza binamu yake aliyekuwa akimwoza binti, kwa nia ya kusalimu na kwenda zake. Akawekwa kwenye sinia la pilau, ikaja halua, ikaja kahawa, ikaja na hadithi. Alipofika kivukoni, feri ilikuwa yaja upande huu na wajumbe wenzake wamo ndani, wamemaliza na wanarudi makwao. Aliwauliza mbio mbio. Mmoja alimpigia kelele kutoka dirishani mwa basi: mbegu zitatolewa, punda wataandikishwa, makopo ya dawa yaoshwe, kisha... Basi likaondoka na lile neno la mwisho. Saad alikusudia kuuliza baadaye. Lakini aliporudi Malindi alikuta benchi limejaa, watu wamemwachia nafasi ya katikati, na Masha amekwisha kummiminia. Penye pengo akajaza mwenyewe.

— Hodi hapa. Shikamooni, baba zangu.

Walikuwa hawajamwona akija. Alikuwa mwanamke wa makamo, leso imefungwa kwa haraka, miguu imejaa vumbi hadi magotini.

— Marahaba, mama. Karibu.

— Mimi ni Kanze, natoka Sabaki. Namtafuta Bwana Saad, mjumbe wetu.

Faki alimwonyesha kwa kidole, kwa fahari ya mtu aonyeshaye mali yake. Uso wa Kanze ukafunguka.

— Alhamdulillahi, kama msemavyo wenyewe. Baba, nakuomba unifuate hospitali. Punda wetu amekufa jana. Na mtoto wangu, Nyevu, amelazwa, atapika na kutetemeka. Daktari aliniuliza mtoto amekunywa nini. Nikamwambia, maji tu, ya kwenye kopo la dawa tuliloliosha kwa majivu, hayo hayo aliyokunywa punda. Akanipigia kelele. Asema Kaloleni ilitangazwa kwamba makopo yaoshwe, yatobolewe, yazikwe, mtu asiyatie maji ya kunywa kabisa. Nikamwambia si kweli, mjumbe wetu alikuwako, na habari zake zilizotufikia ni nyingine. Aniona mimi mwongo, au mama mzembe. Njoo umwambie kwa kinywa chako.

Masha aliacha kumimina. Kambi alitazama chini. Kanze akawageukia mmoja mmoja, kwa adabu, kama anayeomba shahidi wa pili.

— Au kuna mwingine hapa aliyekuwako?

Walikuwa wamebishana juu ya mkutano ule wiki mbili, na zaidi ya Mjumbe hapakuwa na hata mmoja aliyefika.

— Twende, mama, alisema Saad. Akainuka.

Njiani Kanze ndiye aliyezungumza. Alimshukuru kwa kukubali, akasema watu wa Sabaki hujivuna kwa kuwa na mtu kama yeye, maana wengine wakitumwa husinzia mikutanoni. Saad aliitikia "naam" mahali pa kuitikia. Mara mbili alifungua kinywa, na mara mbili alimwona mtu anayemjua akija mbele, akamsalimu mtu yule badala ya kusema.

Wodini, Nyevu alikuwa amelala ubavu, midomo imekauka, macho nusu wazi. Alikuwa mdogo kuliko Saad alivyomfikiria. Daktari aliinua kichwa.

— Huyu ndiye?

— Ndiye, alisema Kanze, akasogea amwachie nafasi. — Yeye alikuwako.

— Haya, mzee. Walisema makopo yafanyweje?

— Sikuwako, alisema Saad.

Daktari hakusikia vizuri. Kanze alisikia.

— Pengine umesahau, baba, alimwambia polepole. — Maneno ya mkutano ni mengi. Pengine ulikuwa umetoka nje kidogo.

Alikuwa akimfungulia mlango wa kutokea, yeye mwenye mtoto kitandani. Kutoka nje kidogo: nani angemlaumu mtu kwa hilo? Saad aliutazama mlango ule, na kwa muda mfupi aliutamani kuliko kitu chochote duniani.

— Hapana, mwanangu, alisema. — Sikutoka nje. Kaloleni sikufika. Nilikuwa Kilifi, arusini, nakula. Hayo ya majivu niliyatunga.

 Kanze alimtazama kama anayetafuta uso mwingine nyuma ya ule, kisha akaketi kitandani, akampa mgongo, akaanza kumpepea mtoto kwa ncha ya leso.

Nyevu alipona, baada ya siku nyingi za wasiwasi. Saad hakungoja hayo. Jioni ile ile alipanda baiskeli kwenda Sabaki, akawa akibisha nyumba kwa nyumba, akisema maneno yale yale aliyoyasema wodini, na kuomba aonyeshwe kopo. Wengine walimpa. Wengine walimtukana kwanza ndipo wakampa. Katika nyumba moja bibi kizee aliyekuwa hajasikia lolote alifurahi kumwona, akamkalisha kwenye kigoda, akaingia ndani, na kopo likasikika likifunuliwa. Alitoka na kata iliyojaa maji baridi, akaishika kwa mikono miwili.

— Kunywa, Mjumbe, alisema. — Umetoka mbali.