Kola Kwanza: Tunamkumbuka Mzee Kunja

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Kama unapiga pasi, izime kwanza. Leo tunamkumbuka mtu ambaye angekugombeza ukiunguza shati la watu kwa sababu ya kusikiliza redio. Tunamkumbuka dobi. Tunamkumbuka Mzee Kunja.

Jina lake la kuzaliwa wanalo wenyewe nyumbani. Wameniomba nimwite Mzee Kunja, kwa kuwa ndivyo alivyopenda kuitwa. Alikuwa dobi maisha yake yote ya utu uzima. Na kila mwaka, siku moja tu, alifunga duka akaenda kushindana. Alishindana michezo mitatu mfululizo: unaogelea, unapanda baiskeli, halafu unakimbia. Ni mashindano madogo, ya watu wenye kazi zao. Ukifika kabla ya filimbi ya mwisho, unavishwa medali. Filimbi ikilia bado uko njiani, unapewa maji ya kunywa na pole.

Mzee Kunja alipewa pole. Kila mwaka, wasikilizaji, alipewa pole. Medali hakuwahi kuivaa.

Wiki hii nilikwenda dukani kwake. Mjane wake alinikaribisha chumba cha nyuma, penye meza ya pasi iliyofunikwa blanketi kuukuu. Mafurushi yamepangwa ukutani, kila moja na kipande chake cha kitambaa chenye alama ya mwenyewe. Juu ya kaunta kuna msumari. Ni msumari mtupu, haujatundikwa kitu.

"Aliupigilia mwaka ule wa kwanza," mama aliniambia. "Kabla hata hajajua kuogelea! Akasema, mke wangu, medali itakaa hapa."

Wateja nao wana maneno. Mtu analeta suruali yake, anatupa jicho juu, anauliza, "Dobi, huu msumari unangoja nini?" Mzee Kunja alikuwa anacheka mpaka machozi. Mkewe hakucheka. Kila swali lilimchoma. Alikuwa na jambo moja tu moyoni: aione ile medali hapo ukutani, watu wafunge midomo.

Sasa utauliza, dobi na mashindano wapi na wapi? Mzee Kunja alikuwa anafua taulo za bwawa la kuogelea. Siku moja amepeleka furushi, akasimama ukingoni, akamwita mwalimu wa pale. Akamwambia, "Mwalimu, maisha yangu yote niko kwenye maji mpaka kwenye viwiko. Nataka nijue mpaka shingoni kukoje." Mwalimu alidhani ni mzaha. Kumbe mzee amekuja na kaptula yake, imepigwa pasi, mstari umesimama.

Mwalimu alimfundisha. Mzee alikunywa maji ya kutosha, lakini alijikaza kisabuni, akajua. Baiskeli alikuwa nayo, ile ya kusambazia nguo, yenye keria kubwa nyuma. Kukimbia, alisema, hakuhitaji mwalimu.

Basi alikuwa anakwama wapi? Hebu nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penyewe. Ukitoka majini unaingia kwenye uwanja wa kubadilishia. Unavaa viatu, unachukua baiskeli, unaondoka mbio. Wenzake walikuwa wanavua na kutupa: taulo huku, shati kule, soksi juu ya majani. Mzee Kunja hakuweza. Alikausha taulo lake, akalikunja. Halafu akageuka, akaona shati la jirani chini kwenye tope. Akaliokota, akalikung'uta, akalikunja. Halafu la pili. Kijana wa watu anarudi jioni, anakuta nguo zake zimepangwa kama zimetoka dukani. Ndiko jina la Mzee Kunja lilikotoka. Na ndiko medali ilikopotelea.

"Nilimwambia, baba, waache!" Huyo ni binti yake, muuguzi. "Akanijibu, mwanangu, wewe ukimwona mtu anatokwa damu utapita?"

Mwaka jana goti lilianza kumsumbua. Daktari alisema wazi: goti hili limechoka, mwaka huu shindana, baada ya hapo basi. Mama alisikia hilo, akakata shauri. Ni mwaka huu au haipo tena. Akaenda kwa mwalimu wa kuogelea, ambaye ni mmoja wa wasimamizi wa mashindano, akamwomba amruhusu kusimama ndani ya uwanja wa kubadilishia. Mwalimu akakubali.

Siku ikafika. Mzee Kunja akatoka majini, anatweta, na safari hii si wa mwisho. Kwa mara ya kwanza, wasikilizaji, kulikuwa na watu nyuma yake! Anainua macho, anamwona mkewe amesimama kati ya nguo za watu, kanga imefungwa kiunoni.

"Wewe nenda," mama akamwambia. "Nguo nitakunja mimi."

"Zote?"

"Zote. Nenda, mume wangu."

Mzee akavaa viatu, akaikamata baiskeli, akaondoka. Hakugusa hata soksi. Mama anasema moyo ulimwenda mbio kwa furaha. Akainama, akaokota shati la kwanza, akalilaza, akaanza kukunja mikono ya shati.

Sasa, ndugu zangu, pale dukani kazi zilikuwa na wenyewe. Mama anapiga pasi, mzee anakunja. Mama akijaribu kukunja, mzee anakunjua anaanza upya. Kwake yeye shati lilikuwa na njia moja tu: unanyoosha kola kwanza, ndipo unagusa mikono. Waligombana juu ya jambo hilo tangu siku za uchumba.

Mzee alikuwa ameshafika getini. Akageuka mara moja tu kumwangalia mkewe. Akaona anavyokunja.

"Loo!" mama alinisimulia, mkono kichwani. "Nikamwona anaiegemeza baiskeli kwenye uzio. Anarudi! Watu wanapiga kelele, mzee nenda, mzee nenda! Yeye anakuja zake, anachechemea. Ananiambia, mama, kola kwanza. Akalichukua lile shati mkononi mwangu, akalikunja polepole, nione."

Halafu akaenda. Alikanyaga baiskeli ile nzito kwa nguvu zake zote. Alikimbia na goti bovu, uso umekunjamana kwa maumivu. Mama alikuwa ameshahamia kwenye mstari wa mwisho, anaita jina lake halisi, lile la nyumbani. Alimwona anatokeza kwenye kona. Alimwona usoni kabisa. Na filimbi ikalia.

Mzee Kunja alimaliza, lakini filimbi ilikuwa imeshalia. Akapewa maji na pole. Akamgeukia mkewe, akauliza, "Lile shati limekaa sawa?"

Mama alilia kwa hasira. "Shati moja! Medali yetu umeitoa kwa shati moja la mtu hata hatumjui!" Akampa kisogo, akarudi nyumbani peke yake. Siku kadhaa pale dukani ilisikika pasi tu.

Walipatana, kama wanavyopatana watu waliozeeka pamoja. Nguo zinakuja, nani atanuna milele? Lakini miezi michache baadaye mzee akapata homa ya mapafu. Akalazwa. Binti anasema hata pale wodini alimlalamikia muuguzi wa zamu kwamba shuka limechomekwa vibaya. Siku moja mchana alimshika mkewe mkono. Akamuuliza, "Bado una hasira na lile shati?"

Mama akajibu, "Bado."

Wakacheka wote wawili, mpaka mzee akakohoa. Huo ndio uliokuwa mcheko wao wa mwisho. Mzee Kunja hakurudi nyumbani.

Msibani walikuja wale walioshindana naye. Fundi bomba, mwalimu wa shule, muuza duka, dereva. Watu wa kutupa soksi juu ya majani! Siku hiyo viatu vyao vilipangwa mlangoni jozi kwa jozi, na hakuna aliyewaambia. Mwalimu wa kuogelea alikuwa amebeba medali. Akapiga goti mbele ya mjane, akasema, "Mama, tumekubaliana wote. Hii ni ya mzee."

Mama aliitazama. Aliitamani ile medali kwa miaka, wasikilizaji, mnajua wenyewe. Kisha akaikunjia ndani ya kiganja cha mwalimu.

"Asante, mwanangu. Hakuifikia. Yeye alijua, na mimi nilikuwepo. Nikiitundika pale atanicheka."

Wageni walipopungua, mama aliingia chumbani na binti yake kupanga nguo za marehemu, ili zigawiwe kwa wanaohitaji. Akalilaza kitandani shati la kwanza. Akaanza na mikono, kama alivyozoea. Binti anasema mama alisimama ghafla. Aliangalia mlangoni, kana kwamba kuna mtu anarudi. Hakuna aliyerudi. Mama akalikunjua lile shati. Akanyoosha kola kwanza. Ndipo akalia kilio ambacho hakukilia siku ya maziko.

Mama yetu, binti yetu, na ninyi nyote mliokimbia na mzee huyu, kipindi hiki kinawapa pole. Mungu amlaze pema, nanyi awape nguvu. Duka limefunguliwa, na mama sasa anapiga pasi na kukunja mwenyewe. Msumari bado upo. Mteja akiuliza unangoja nini, mama anasema, "Haungoji kitu. Ni wa mume wangu."

Nasi tujiulize, wasikilizaji wapendwa. Tunakimbilia nini hasa, na tunaruka vya nani tukiwa njiani? Nikiri kwenu, mimi nguo zangu huwa natupa kitini. Leo asubuhi, kabla sijaja hapa studioni, nililiokota shati langu la jana nikalilaza mezani.

Nilianza na kola.