Kibao cha Mama Pasi

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Vuteni viti. Kama una pasi imewaka hapo mezani, izime kwanza, maana tunayemkumbuka leo hangependa nguo ya mtu iungue kwa sababu yake.

Tunamkumbuka Mama Pasi. Alikuwa dobi. Duka lake la kufua na kupiga pasi liko nyuma ya kituo cha mafuta, lile lenye mlango wa bluu ambao hadi leo haufungiki vizuri. Amefariki Jumanne, hospitalini, kwa maradhi ya figo. Binti yake ametuomba tulitaje hilo la figo, kwa sababu kuna watu wameanza kusema kwamba mama amekufa kwa kinyongo. Hapana. Ni figo. Kinyongo alikuwa nacho, na kilikuwa na afya njema mpaka mwisho.

Wengi wenu hamkumjua kwa sura. Mlimjua kwa chaguo lake. Kila Jumamosi asubuhi, katika kipindi chetu cha salamu, msikilizaji mmoja alichagua kibao kile kile. Kibao kisicho na maneno. Kinanda, gitaa na ngoma, basi. Na salamu zake zilikuwa zile zile: "Kwa wote waliofanya kazi kwenye jengo la kona." Hakuongeza, hakupunguza. Leo tunawaeleza sababu.

Mume wa Mama Pasi alikuwa fundi mwashi. Mtu mrefu, mpole, mwenye tabia ya kugonga kila ukuta anaoupita, hata wa nyumba ya watu, asikilize kama umejazwa vizuri. Alikuwa anajenga jengo la kona. Zege la ghorofa ya pili lilikuwa bado bichi, limeshikiliwa na nguzo za mbao kwa chini. Mkandarasi alikuwa na haraka. Akaamuru nguzo zitolewe. Fundi akamwambia, "Bosi, hili halijakomaa." Mkandarasi akamjibu kwamba kama anaogopa, akalale kwa mke wake. Nguzo zikatolewa. Zege likashuka. Fundi alikuwa chini yake.

Ulipofanyika uchunguzi, mkandarasi alisimama mbele ya watu akasema fundi alikuwa amelewa. Kwamba nguzo alizing'oa mwenyewe, kwa ulevi wake.

Wasikilizaji wapendwa, turudie hapa ili paeleweke. Fundi hakuwa mnywaji. Asubuhi ile alikunywa chai ya mkewe, akalalamika kwamba sukari ni kidogo, akaenda kazini. Mdogo wake, ambaye ni fundi bomba, ametuambia hivi: "Kaka yangu akinusa pombe tu alikuwa anapiga chafya. Kwenye sherehe tulikuwa tunamwita Soda. Sasa Soda alewe saa mbili asubuhi, alewe nini?"

Mafundi wenzake walijua ukweli. Lakini walikuwa na watoto nyumbani, na kazi ilikuwa ya mkandarasi. Wakainamisha vichwa. Taarifa ikaandikwa kwamba marehemu alikuwa amelewa. Neno hilo likaingia mtaani, likaingia shuleni, na binti yake akaitwa mtoto wa mlevi.

Kifo cha mumewe Mama Pasi alikililia kama wajane wengine wanavyolia. Neno lile hakulililia hata kidogo. Alilifungia kibwebwe. Alitaka kitu kimoja tu: mkandarasi aseme kwa mdomo wake, mbele ya watu, kwamba fundi hakuwa amelewa. Sentensi moja.

Alianza kwa kelele. Alimfuata mkandarasi sokoni, benki, nje ya ofisi yake, akimwita mwongo na muuaji. Mkandarasi akaenda mahakamani. Mahakama ikamkataza Mama Pasi kutamka, kuandika, au kumtuma mtu atamke neno lolote kuhusu mkandarasi na jengo lile. Neno lolote. Akivunja amri, atafungwa. Na akifungwa, binti atabaki na nani?

"Alirudi kutoka mahakamani, akawasha pasi, akanyoosha mashuka yote ya nyumba ya wageni bila kufungua mdomo," anakumbuka binti yake. "Halafu akavaa viatu. Akaniambia, twende tukanunue muziki."

Muuza kanda aliyewahudumia siku ile bado yupo, ingawa siku hizi anauza vifuniko vya simu. Anasema anakumbuka kila kitu.

"Nataka kibao kisicho na maneno," Mama Pasi alimwambia.

"Cha harusi au cha msiba, mama?"

"Cha mtu mmoja."

"Aa, mpenzi."

"Weka muziki, baba, nguo za watu zinanisubiri."

Akaweka kibao cha filimbi. Mama Pasi akasikiliza kidogo, akakataa. "Hiki kitamletea usingizi." Akaweka cha tarumbeta. "Hiki atadhani anasifiwa." Akaweka kingine cha gitaa peke yake, kitamu mno. "Hiki hakistahili kupelekwa kwa mtu kama yule." Muuza kanda akaanza kuchoka. Mwishoni akaweka kibao kilichokuwa kinavuma mwaka ule, kile ambacho kila saluni na kila duka la viatu lilikuwa linakipiga mpaka watu wanakiota.

Mnakijua. Kinaanza kwa furaha, kama watoto wametoka shule. Katikati vyombo vyote vinanyamaza ghafla. Kimya. Unabaki umeshika pumzi, unasubiri kitu kianguke. Ndipo ngoma inashuka: puu.

"Rudisha hapo," Mama Pasi akasema.

Akarudisha. Kimya. Puu.

"Tena."

Akarudisha tena. Binti anasema mama yake alikuwa ameshika ukingo wa meza, na macho yalikuwa makavu.

"Nimekipenda hiki."

"Umekipendea nini, mama?"

"Hakina mdomo. Hakiwezi kufungwa."

Jumamosi iliyofuata kadi yake ya kwanza ya salamu ilifika hapa redioni. Na Jumamosi iliyofuata. Na iliyofuata. Mwanzoni hakuna aliyejali. Baadaye watu wakaanza kuunganisha. Kibao kikianza, mtu anamgusa mwenzake kiwiko: "Salamu za bwana mkubwa hizo."

Mafundi, wale wale walioinamisha vichwa, wakaanza kukipiga mluzi wakiwa kazini. Mkandarasi akapiga marufuku mluzi. Wakaguna kwa midomo iliyofungwa. Wakifika pale kwenye kimya wote wananyamaza pamoja, wanamtazama, halafu mmoja anaangusha ndoo.

"Nani ameangusha ndoo?"

"Imeteleza, bosi. Mikono ina saruji."

Mkandarasi alihama kinyozi. Akahama na mgahawa aliozoea. Mwishowe akarudi mahakamani kulalamika kwamba Mama Pasi amevunja amri. Shemeji mtu, yule fundi bomba, alikuwepo, ametusimulia.

"Kibao chenyewe kinasemaje?" hakimu aliuliza.

"Hakina maneno, mheshimiwa."

"Na salamu?"

"Anawasalimu wote waliofanya kazi kwenye jengo la kona."

"Wewe ulifanya kazi pale?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Basi umesalimiwa. Unalalamikia nini?"

"Watu wanajua maana yake."

"Maana yake ni nini?"

Mkandarasi akamtazama wakili wake. Wakili akatazama viatu vyake. Hakimu akasubiri. Mahakama nzima ikasubiri. Hakuna aliyejibu, na shauri likaishia hapo. Mama Pasi alikaa benchi la nyuma, mikono mapajani, hakutabasamu. "Alicheka alipofika nyumbani," anasema shemeji yake. "Alicheka mpaka akajiegemeza ukutani."

Tusiwadanganye, wasikilizaji wapendwa. Kisasi kile kiliila nyumba yake pia. Binti alipokuwa msichana aliomba mama yake achague kibao kingine, Jumamosi moja tu, kwa kuwa ilikuwa siku yake ya kuzaliwa. Alitaka asikie jina lake likitajwa redioni na wimbo wa mapenzi, kama wasichana wenzake. Mama Pasi alikataa. Alisema akiacha siku moja, yule bwana atapumua. "Nilimnunia wiki nzima," anasema binti. "Tulikula tukitazamana kama watu waliogombania kiti. Nikamwambia, unampenda adui yako kuliko mimi. Alinipigia pasi sare yangu ya shule, akaiweka kitandani, basi." Na shemeji naye alimsihi: "Shemeji, mwachie mtu huyo upumzike." Akamjibu, "Akisema, nitapumzika siku hiyo hiyo. Asubuhi akisema, mchana utanikuta nimelala."

Kuna jambo jingine ambalo binti anataka mlijue. Kibao kile ndicho mama yake alichokipenda kuliko vyote, na hakuwahi kukicheza. Hata kichwa hakutikisa. Alikuwa anasimama wima mpaka kiishe, pasi imesimamishwa kando, kisha anaendelea na kola.

Siku moja mchana mkandarasi alikuja dukani. Gari aliliacha mbali, akaja kwa miguu. Binti alikuwa nyuma ya pazia anakunja taulo.

"Mama, tumalizane," alisema mkandarasi. "Tumekuwa watu wazima."

"Sema ile sentensi."

"Mambo yamepita hayo."

"Sentensi ni fupi. Ukaiseme pale pale uliposema ile nyingine."

"Unajua itanigharimu nini?"

"Ile nyingine unajua ilinigharimu nini?"

Halafu akasema, "Wewe mwanamke una roho mbaya."

"Ninayo. Niliipata kwenye jengo lako. Sogea, unanizibia mwanga."

Akaondoka. Jumamosi ile Mama Pasi alichagua kibao chake kama kawaida.

Miaka imekwenda. Mafundi wengine wameshafariki. Mkandarasi amekuwa mzee wa kuheshimika, anaitwa kukata utepe. Na jana, baada ya mazishi, dereva wake alileta hapa redioni salamu za rambirambi. Nzuri, zimepangwa vizuri. Zinamsifu marehemu kwa uvumilivu na bidii ya kazi. Anaomba tuzisome leo, na jina lake.

Tulimpigia simu binti wa marehemu. Aliuliza swali moja: "Ile sentensi imo?" Tukazisoma tena, tukamwambia haimo. "Basi msizisome," akasema. "Alimnyima mama yangu maneno. Na yeye akae bila maneno."

Kwa hiyo hatutazisoma.

Binti amekuja mwenyewe studio, amekaa hapa mbele yangu. Ile amri ilimhusu Mama Pasi na watu anaowatuma. Mama Pasi sasa hatumi mtu. Binti ameomba aseme jambo moja tu, na hii ndiyo sauti yake:

"Baba yangu hakuwa amelewa."

Tunatoa pole kwa binti, kwa shemeji mtu, kwa wateja wa mlango wa bluu ambao nguo zao bado ziko kwenye henga na watazipata zote, binti ameahidi. Mungu awape subira. Na sisi tunaosikiliza, kila mmoja ajiulize: yupo mtu niliyemsemea neno akiwa hana tena mdomo wa kujibu? Kama yupo, tusingoje tupigiwe ngoma.

Na kwako, bwana mkandarasi, tunajua redio yako iko wazi. Binti hajaondoka. Kuna kiti kitupu kando yake na maikrofoni imewashwa. Tunakusubiri.