Shangazi Pikseli na Miwani ya Mnunuzi

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuwasha vioo vilivyogoma, fundi mkuu wa skrini wa karakana yetu anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Ofisini wanamjua kwa namba ya ajira. Sisi wengine tunamwita Shangazi Pikseli, na akiitwa vinginevyo hageuki.

Alianza enzi za namba nyekundu zinazoundwa kwa vijiti saba vya taa. Zikaja skrini za mistari miwili, zikaja za rangi, zikaja za kugusa, naye akazikagua zote kwa jicho la mama mkwe. Vijana wa chuo walipomjia na istilahi ndefu, alizifupisha papo hapo: taa ya nyuma ni ya kukuwezesha kusoma gizani, kidhibiti ni chipu inayoiambia kila nukta iwake au izime, utepe ni ule waya bapa mnaouchomeka kinyume, halafu mnasema skrini ni mbovu. La mwisho alilisema akimtazama mtu mmoja, na mtu huyo ndiye anayeandika wasifu huu.

Lakini siku ya kusimuliwa ni ile ya mizani. Miaka tisa iliyopita tulitengeneza mizani mia tano za kupimia watoto wachanga, na mkurugenzi alishatuambia bila kuzunguka kwamba mnunuzi akizikataa, kitengo cha skrini kinafungwa. Barua kumi na mbili za kuachishwa kazi zilikuwa tayari, ya mwandishi huyu ikiwamo.

Mnunuzi akataka kuzikagua uani, juani. Tukazipanga mezani, tukaziwasha, namba zikatokea safi. Yeye akapita meza ya kwanza, ya pili, ya tatu, akatangaza kwamba skrini zote ni nyeusi tii. Sisi tunaona sifuri, yeye anaona giza! Akadhani tunamfanyia mzaha; sisi tukadhani jua limemzidi. Mkurugenzi akalowa jasho mpaka tai.

Shangazi akaja taratibu, akaigeuza mizani moja robo mzunguko. Mnunuzi akaruka: namba hizo hapo! Shangazi akairudisha, zikapotea. Kumbe bwana alivaa miwani ya jua yenye kichujio kinachopitisha mwanga wa mwelekeo mmoja tu, na skrini zile nazo zina kichujio chake. Viwili hivyo vikikingamana, mwanga haupiti. Shangazi akamwomba miwani, akaivaa, akainamisha kichwa bega hili na bega lile, akacheka mpaka akajikalia juu ya mizani. Ikaandika kwamba uzito umezidi. Mnunuzi akasaini huku anajifuta machozi ya kicheko, na barua zikachanwa siku hiyo hiyo.

Tangu hapo kila skrini hukaguliwa na mtu aliyevaa miwani ya jua, hata mvua ikinyesha, na wageni hutushangaa.

Kwa miaka tisa mwandishi huyu amejaribu kumshukuru. Kila akifungua mdomo, Shangazi humwuliza kama kazi ya jana imekwisha. Leo, kwa kuwa karatasi haikatizwi, na asome mpaka mwisho: ahsante, Shangazi. Sisi kumi na wawili tuna kazi kwa sababu yako. Kapumzike, wajukuu wakuchoshe kwa raha, na siku zako zote za mbele ziwe njema.