Picha Moja ya Mume Wake: Maisha ya Bi Subiri

Ndugu, majirani, wafanyakazi wenzake wa hospitali na wanafunzi wenzake wa darasa la picha, ahsanteni kwa kuja. Mliozoea wasifu mfupi mtanivumilia, maana dada yangu hakuishi maisha ya kusimuliwa mbio mbio. Wanawe walitaka asome mtu mwenye sauti nzuri. Mimi ni mdogo wake ninayemfuata, sauti yangu mnaijua, lakini mambo haya alinisimulia mimi jikoni kwake, kwa hiyo nitasoma mimi.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1955, katika chumba kilichokuwa nyuma ya mashine ya kusaga nafaka ambako baba yetu alifanya kazi. Alikuwa mtoto wa pili kati ya watano. Mama alisema alizaliwa mashine ikiwa inanguruma, ndiyo maana tangu hapo hakuna kelele iliyomshtua. Sisi wadogo zake alitubeba mgongoni mmoja baada ya mwingine. Alikuwa mpole wa sauti na mgumu wa shingo, na aliyedhani upole ule ni udhaifu hakukawia kujua.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1963 hadi 1969. Aliweza hesabu, alipenda usafi, na kwa kuimba tusidanganyane, hakuweza. Picha yake ya shule ipo moja tu, ya darasa zima. Wenzake wote wanamtazama mpiga picha, yeye amefumba macho. Alisema yule bwana aliwapiga picha kama mtu anayefukuza kuku, hakungoja mtu avute pumzi. Kuendelea na masomo hakukuwezekana, kwa kuwa baba aliugua na nafasi akapewa kaka yetu mkubwa. Hakunung'unika, ila hakusahau pia.

Mwaka 1974 aliajiriwa hospitali, kwenye chumba cha nguo, kazi ya kupiga pasi. Mliowahi kulazwa pale kabla ya mwaka 2015, mlilalia shuka lililopita mikononi mwake. Kile chumba kilikuwa na meza ndefu iliyotandikwa blanketi, mvuke usioisha, na dirisha moja dogo karibu na dari. Aliamini kwamba mgonjwa akitandikiwa shuka lenye mikunjo ataamka na maumivu mapya juu ya yale aliyokuja nayo. Wauguzi walimtania kwamba hata matambara ya kupigia deki anayanyoosha kwa pasi. Huo haukuwa utani. Nilimwona kwa macho yangu.

Ndoa yake ilifungwa tarehe 11 Juni 1977. Mume ni fundi seremala aliyeitwa hospitali kutengeneza milango ya makabati ya chumba cha nguo. Kazi ilikuwa ndogo, lakini fundi aliivuta na kuivuta mpaka msimamizi akaanza kuuliza makabati yana ugonjwa gani. Shemeji yangu uko hapa mbele, usinikatalie. Walijaliwa watoto watatu, na nyumba yao ilijulikana kwa vicheko. Shemeji alikuwa mtu wa maneno, na shughuli yoyote ya mtaani aliyoikosa ilipooza.

Kisha mwaka 2012 shemeji alipatwa na kiharusi. Mungu alimwachia uhai na akili zake zote, ila mkono wa kulia ulilegea na upande wa kulia wa uso ukashuka. Wahenga walisema uso umeumbwa na haya, na shemeji haya zilimtesa kuliko ugonjwa wenyewe. Karakana ikafungwa. Wageni wakibisha hodi, alihamia chumba cha ndani. Desemba 2014 binti yao mkubwa aliolewa, na siku ya ukumbini baba mzazi alibaki nyumbani, akasema miguu inamuuma. Albamu ya harusi ile ina mashangazi, wajomba, hata dereva wa gari la kukodi amepigwa picha mbili. Baba wa bibi harusi hayumo.

Dada aliitazama albamu ile mpaka mwisho, akaifunga, akaniambia, "Nataka picha moja tu ya mume wangu. Moja ambayo yeye mwenyewe ataitazama asigeuze uso." Haya mengine yote mnayoyajua, darasa, maonyesho na sifa, yalianzia hapo.

Alistaafu mwaka 2015. Kiinua mgongo kilipotoka, watoto walipendekeza jokofu. Yeye akanunua kamera. Tulimuuliza mtu wa miaka sitini anaanzaje mambo ya kidijitali, na simu yenyewe mpaka apokelewe. Akatujibu kwamba ng'ombe hazeeki maini. Februari 2016 akajiandikisha kwenye darasa la upigaji picha lililofanyika kila Jumamosi ghorofa ya juu ya maktaba. Wenzake wengi walikuwa na umri wa kitinda mimba wake. Mwalimu, binti mwembamba mwenye miwani, alimwonyesha kiti cha ukutani akidhani ni mzazi aliyemsindikiza mtoto. Dada akakaa kwenye kiti hicho hicho, akatoa kamera kwenye mkoba, akauliza inawashwa wapi.

Hakuwa mwepesi wa kushika. Jumamosi ya kwanza alilalamika kwamba ameuziwa kamera mbovu, haioni kitu ila giza, mpaka jirani yake akanyoosha mkono na kumtolea kifuniko cha lenzi. Lakini wenzake walipokuwa wakibonyeza mfululizo wakitumaini moja itatoka, yeye alingoja. Alimwambia mtu, "Subiri." Aliliambia wingu, "Subiri." Darasa likambatiza Bi Subiri, jina likashuka naye ngazi za maktaba, likafika mtaani, na leo limechapishwa kwenye jalada la kijitabu cha mazishi mlichokishika.

Balaa lilianza walipofika kwenye programu ya kuhariri picha. Mkono wa mpiga pasi haustaafu. Siku alipogundua kwamba kompyuta ina brashi ya kulainisha ngozi, aliinyoosha dunia nzima. Jirani yetu muuza mkaa, mzee wa miaka sabini na kitu, alitoka na paji la uso kama sahani. Mimi alinifuta mistari yote ya shingo, na sitaficha, niliomba nakala. Mwalimu alizunguka nyuma ya meza yake, akatazama skrini, akamwambia taratibu, "Mama, watu si mashuka." Darasa lilicheka, naye akacheka nao, lakini hakuacha. Alikuwa na shabaha yake.

Jumapili moja alimpiga shemeji picha akisikiliza mpira redioni, bila yeye kujua. Kisha akakaa na kompyuta ya kitinda mimba wake. Alikata nusu ya uso iliyo nzima, akaigeuza, akaibandika upande ule uliolegea, akalainisha maungio mpaka yasionekane. Kazi ile ilimchukua muda mrefu na aliifanya kwa mapenzi. Ikatoka sura iliyonyooka, kushoto na kulia sawasawa. Akaichapisha, akampelekea mumewe pamoja na chai.

Nilikuwepo. Shemeji aliishika kwa mkono wa kushoto, akaitazama sana. Hakukasirika. Akauliza tu, "Wewe umeolewa na mimi au na huyu?"

 Dada alikwenda jikoni akaanza kuosha vyombo vilivyokuwa safi tayari. Nilipomfuata aliniambia kwamba amekosea vibaya. Miaka yote ile mume wake alijificha kwa kudhani uso wake hautazamiki, na sasa yeye, mkewe, amemletea ushahidi. Alilia, nami nikalia.

Picha ile aliifuta. Kamera ikarudi kwenye mkoba, akakosa Jumamosi kadhaa, tukadhani amekunja jamvi. Mwalimu akaja mwenyewe nyumbani kumwita kwenye warsha ya siku moja kuhusu picha za watu. Sharti la warsha lilikuwa geni. Kila mwanafunzi apewe mtu mmoja, akae naye asubuhi nzima wakizungumza, kamera ikiwa mezani mbele yao wote wawili, na asiiguse mpaka mwenyewe aruhusu. Vijana waliteseka, vidole vikawawasha. Dada alipewa mlinzi wa maktaba, akarudi nyumbani akiwa anawajua watoto wote wa mlinzi yule kwa tabia zao, na ana picha yake moja.

Kesho yake alisogeza kiti cha shemeji karibu na mlango wa jikoni, mahali mwanga unapoingia kwa ubavuni. Safari hii alimwambia wazi kwamba anataka kumpiga picha, na kwamba asipotaka basi. Shemeji akasema hataki. Dada akasema sawa, akaiweka kamera mezani, akaanza kuchambua mchele. Siku iliyofuata ikawa hivyo hivyo, na iliyofuata. Kamera ilikaa pale kama chupa ya chai. Wao wakazungumza walivyokuwa hawajazungumza tangu augue, habari za mambo waliyoyafungia moyoni, za watoto, za wazazi waliokwisha kutangulia.

Siku moja shemeji alimsimulia kabati la kwanza alilotengeneza maishani, zuri kupita kiasi, ambalo lilipokamilika likagoma kupita mlango wa karakana, ikabidi abomoe fremu ya mlango wake mwenyewe. Akacheka. Mdomo ukaenda upande, kama unavyokwenda sasa, na kwa mara ya kwanza hakuuziba kwa kiganja. Alipomaliza kucheka akasema, "Haya, piga. Ila ukifika kwenye kompyuta usiguse kitu."

Akapiga. Kwenye kompyuta aligusa ukuta tu wa nyuma uliotoka mweusi mno, na hata kwa hilo aliomba ruhusa.

Maonyesho ya darasa yalifanyika tarehe 19 Novemba 2016, kwenye ukumbi wa chini wa maktaba. Picha ya shemeji ilitundikwa karibu na mlango. Hatukumtarajia yeye mwenyewe. Akatokea na fimbo yake, shati limenyooka hata inzi angeteleza, akaenda kusimama pembeni ya picha. Mama mmoja tusiyemjua aliitazama picha, akamgeukia, akasema, "Ni wewe huyu." Shemeji akajibu, "Ni mimi." Dada alikuwa nyuma yangu. Hakuwa mtu wa kujivuna, lakini siku ile alijivuna waziwazi, na sisi tukajivuna naye, na leo bado tunajivuna.

Baada ya hapo alipata kazi ambayo hakuitafuta. Wazee waliokuwa wakikimbia kamera waliwatuma wajukuu waje kumwita Bi Subiri. Alipiga picha chumba kizima cha nguo, wapiga pasi wote na mvuke wao, na hospitali ikaitundika mapokezi. Kuanzia mwaka 2018 alimsaidia mwalimu kufundisha wanafunzi wapya, na brashi ya kulainisha aliwafundisha mwisho kabisa, tena kwa maonyo makali. Karakana nayo ilifunguliwa, mwanawe wa kiume akishika randa na baba akitoa amri kutoka kwenye kiti, maneno yake yote yakiwa yamerudi, mengine tusiyoyahitaji.

Mwishoni mwa mwaka 2021 marehemu aligundulika kuwa na saratani ya tumbo. Alifanyiwa upasuaji Januari 2022, akapata nafuu, kisha ugonjwa ukarudi. Alikonda, nywele zikaisha. Februari mwaka huu wa 2023 alimpa mumewe kamera, akamwambia sasa ni zamu yake kupigwa. Shemeji alipiga kwa mkono wa kushoto, kamera ikamlemea, na picha ikatoka imeinama. Ndiyo hiyo iliyo kwenye jalada. Wanafunzi wenzake waliomba wainyooshe kidogo kabla ya kuchapishwa. Shemeji, ambaye hajawahi kuruhusu mlango utoke karakana yake bila kupimwa kwa pima maji, alikataa. Alisema aliyepiga ni yeye, na mkono wake ndio huo. Kwa hiyo mnaoinamisha shingo kuitazama, mko sawa.

Alifariki nyumbani kwake asubuhi ya Jumatano, tarehe 17 Mei 2023, akiwa na miaka sitini na saba, kwenye shuka alilopigiwa pasi na binti yake. Mumewe alikuwa amemshika mkono. Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, na majirani ambao hawakututupa hata siku moja.

Ameacha mume, watoto watatu, wakwe zake, wajukuu watano, kaka mmoja, na wadogo zake wawili nikiwemo mimi. Ameacha pia mwalimu wake, anayemwita mama mpaka leo, na kuta nyingi za mtaa huu zenye nyuso za watu jinsi walivyo.

Neno la mwisho si langu. Leo asubuhi tulimwekea shemeji kiti kule nyuma, kivulini, tukidhani ndivyo angependa. Amekikataa, kama mnavyomwona. Ameniagiza niwaambie wenye kamera msimkwepe, mje mbele mpige, na mtakaotaka kusimama naye atasimama. Amesema mke wake alihangaika sana kumtoa chumba cha ndani, na hawezi kurudi humo siku ya kumzika.

Dada apumzike kwa amani. Alilolitaka alilipata.