Aliyekubali Nitolewe Maji ya Mgongo

Wapendwa, asanteni kwa nafasi hii. Mimi ni fundi wa nguo hapa Kombewa. Wengi wenu mmevaa kazi ya mikono yangu.

Miaka ya themanini nilianza kuumwa kichwa kila jioni, na homa ndogo haitoki. Halafu nikaanza kusahau. Nilikata kitambaa cha sare, nikakitazama, nisijue ni mkono au kola. Siku moja nikamwita mwanangu kwa jina la ng'ombe. Watu walicheka. Mimi nilienda nyuma ya nyumba nikalia, kwa sababu mama yangu alikufa akiwa hamjui hata mmoja wetu, na niliona zamu yangu imefika.

Yanayofuata nimeambiwa tu. Nilifikishwa hospitali Kisumu sijijui. Mume wangu alikuwa kazini mbali. Daktari, mama mmoja mpole, akasema lazima atoe maji kidogo kwenye uti wa mgongo ayapime.

Mama mkwe akakataa. "Jirani yetu alitolewa maji hayo, akafa."

"Mama, sindano haikumuua. Alikuja amechelewa."

Ndipo mke mwenzangu akasema. Ndugu zangu, nawaambia, mimi na yeye hatukuwa tukisalimiana, hata moto hatukuombana. Akasema, "Toa, Daktari. Akifa, lawama ni yangu."

Majibu yakaja: protini katika maji yale imepanda mno, sukari imeshuka. Daktari akawaambia, "Huu si ugonjwa wa mama yake. Ni TB, imeingia kwenye utando wa ubongo. Ina dawa."

Nilidungwa sindano na kumeza vidonge miezi mingi. Sikio hili lilibaki zito. Mkiniita upande huu nisiitike, msikasirike. Asubuhi moja nikamtambua aliyenishikia kikombe. Nikamuuliza, "Watoto wako na nani?"

"Watoto wetu wako kwangu. Kunywa uji."

Namshukuru daktari, wauguzi, na nyinyi mliopalilia shamba langu. Mtu wenu akianza kusahau, msikimbilie kusema ni chira, ugonjwa wa aliyevunja mwiko, au ni laana ya ukoo. Mpelekeni apimwe. Pengine hakuna dawa, basi mtajua namna ya kumtunza. Pengine ipo.

Na yule pale karibu na mlango, mwenye leso ya kijani, anayeinamisha uso, ndiye mke mwenzangu. Niko hai kwa sababu alikubali kulaumiwa.